Samaki amelala ubavu: mwaka mmoja na seti ya matone ya kupima maji

Seti hii ya kupima maji ya tangi la samaki ninayo kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Nimechelewa kuiandikia kwa sababu kila nikikaa kuandika narudi kwenye asubuhi ile niliyoifungua. Ilikuwa imekaa kabatini wiki tatu, nailoni yake haijachanwa. Tangini mlikuwa na samaki wawili wa dhahabu, wote wawili chini, wote wamelala ubavu juu ya changarawe, na mimi nimeshika kipande cha kitambaa cha pamba nilichokikata ili niwafungie humo nikawazike. Mmoja alikuwa amekufa kweli. Wa pili yu hai mpaka leo, na ninapoandika haya anachokora changarawe akitafuta punje iliyomponyoka asubuhi.

Samaki hao aliniachia mtoto wa kaka yangu alipokwenda shule ya bweni. Zafarani, mwenye rangi ya chungwa lililoiva, na Lulu, mweupe mwenye doa moja jekundu utosini. Alinikabidhi tangi la lita 80, chujio, kopo la chakula, na agizo moja: "Shangazi, usiwasahau." Mimi ni fundi wa kushona. Mchana kutwa niko nyumbani na cherehani, na tangi liko mkono wangu wa kushoto, kwa hiyo kuwasahau sikuwasahau. Niliwaponza kwa usafi. Jumatano niliona sponji ya chujio imejaa tope la kahawia, nikaitoa, nikaisugua chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya, nikaianika juani, nikairudisha jioni. Usiku huo nililala nimeridhika. Jumamosi alfajiri ndipo nilipowakuta chini.

Nianze na samaki wenyewe kabla ya seti, maana hakuna tone la dawa litakalokuambia kama samaki anapumua. Hiyo ni kazi ya macho yako, na inataka subira nyingi. Siku ile nilikuwa na wawili mbele yangu, aliyekufa na aliye hai, katika maji yale yale, kwa hiyo tofauti zao nilizisoma kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili mezani.

Nilianza na macho, na nilianza vibaya, kwa sababu nilikuwa natafuta kama yamefumba. Samaki wa dhahabu hana kope. Hulala macho wazi, huumwa macho wazi, hufa macho wazi. Cha kutazama ni hali ya jicho lenyewe. La Lulu lilikuwa limefifia, limedidimia kidogo, lina utando wa kijivu mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi. La Zafarani lilikuwa jeusi, limejaa, linang'aa. Rangi ya mwili nayo ilisema: weupe wa Lulu ulikuwa umechakaa kama shuka la zamani, na lile doa jekundu limepauka. Zafarani alikuwa amefifia lakini rangi bado ipo.

Halafu matamvua. Nilivuta kigoda, nikasogeza uso mpaka karibu na kioo, nikatazama kile kifuniko kigumu kilicho nyuma ya jicho. Hapo nusura nidanganyike, kwa sababu vifuniko vya wote wawili vilikuwa vikicheza. Nilichokiona kwa Lulu ulikuwa mkondo wa chujio ukimtikisa. Nikazima pampu. Maji yakatulia, na Lulu akatulia pamoja nayo, vifuniko vimeachama, havifungi wala havifunguki. Kwa Zafarani nilihesabu sekunde nne, tano, kimya. Kisha kifuniko kikainuka upana wa uzi, kikarudi. Kimya tena. Kikainuka. Kwa dakika nzima nilipata mara 11.

Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: zima pampu, keti, tazama saa, usikate shauri kabla ya dakika kumi kamili. Samaki aliyepoa au aliyelemewa na sumu anaweza kukaa muda mrefu kati ya pumzi na pumzi. Wale samaki wapiganaji, betta, wana kiungo kingine kichwani cha kuvutia hewa ya juu ya maji, na matamvua yao huweza kusogea kwa udogo usioonekana na mtu mwenye haraka.

Nililowanisha mpini wa wavu, nikamgusa Zafarani pale mkia unapoungana na mwili. Pezi la mkia likatetemeka, basi. Lulu nilipomgusa alisogea mzimamzima, kama kijiti. Ukakamavu huo huja saa kadhaa baada ya kufa, kisha huondoka na mwili ukalegea tena, kwa hiyo samaki mkakamavu amekufa, lakini samaki mlaini bado hujajua habari zake.

Jambo la mwisho nililofanya ni lile ninalolithamini kuliko yote. Nilizamisha bakuli, nikamkinga Zafarani ndani yake bila kumtoa majini, nikaliinamisha bakuli taratibu upande huu na upande ule. Samaki anayejitambua, mwili wake ukigeuzwa, jicho huzunguka kidogo kinyume ili libaki sawa na usawa wa dunia. La Zafarani lilichelewa, kisha likazunguka. Nikajua kwamba ubongo wake bado unafanya kazi. Jicho lisipozunguka peke yake si ushahidi wa kifo, kwa sababu hata samaki aliyelazwa kwa dawa hupoteza uwezo huo, lakini likizunguka, weka kitambaa chako chini.

Kuelea na kuzama visikupotoshe. Aliyekufa sasa hivi mara nyingi huzama, na huja juu baadaye tumbo linapojaa gesi. Aliye hai mwenye matatizo ya kibofu cha hewa anaweza kuelea kichwa chini miguu juu, tuseme hivyo, kwa siku nyingi huku anakula. Na wako wanaolala ubavu kwa tabia tu. Katika Ziwa Nyasa yuko samaki aitwaye kaligono, maana yake mlalaji, kisayansi Nimbochromis livingstonii, ambaye hujilaza mchangani kama mzoga, na vijisamaki vikija kumdonoa huvimeza. Ukimweka tangini bila kujua hilo utamzika akiwa hai.

Lulu nilimtoa mara moja. Nilitaka kumpa heshima ya kukaa naye kidogo, lakini mwili unaooza majini huongeza sumu kwa aliyebaki. Nikamfunga katika ile pamba. Kisha nikachana nailoni ya boksi.

Jina la kampuni silitaji kwa sababu seti za aina hii zinatengenezwa na wengi na karibu zote zinafuata utaratibu mmoja. Yangu ina vichupa vya matone vya vipimo vinne: amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji. Ina mirija minne ya kioo yenye vifuniko na mstari wa mililita 5, kadi ya rangi, na karatasi ya maelekezo. Unasuuza mrija kwa maji ya tangi, unajaza mpaka mstarini, unadondosha matone yaliyoelekezwa, unafunika, unatikisa, unasubiri, kisha unalinganisha rangi ya mrija na ya kadi. Amonia yangu inataka matone 8 ya kichupa cha kwanza, 8 ya cha pili, na dakika 5. Yako inaweza kutaka hesabu nyingine, kwa hiyo fuata karatasi yako, usifuate yangu.

Zile dakika 5 za kwanza nilikaa sakafuni, mrija mkononi, macho kwa Zafarani. Maji yalianza manjano, yakaenda kwenye kijani cha majani machanga, yakapita, yakafika kijani cha jani la mwembe. Kadi ilisema 4, yaani miligramu 4 kwa lita. Inayotakiwa ni sifuri. Nitriti ilisoma 0.5, nayo inatakiwa sifuri. pH ilikuwa 8.2.

Thamani ya seti nzima imo katika kuzisoma namba hizo pamoja, na karatasi ya maelekezo hapa imefanya uvivu. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua yake. Majini amonia hukaa kwa sura mbili, moja yenye madhara madogo na moja kali inayounguza matamvua, na seti hupima jumla ya zote mbili. pH na joto ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani kitakuwa kile kikali. Kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, sehemu kali haifiki hata asilimia 1 ya jumla. pH ikiwa 8, inafika kama asilimia 5. Kwa hiyo mtu mwenye amonia 4 katika maji ya pH 7 ana jambo la kushughulikia leo, na mimi mwenye amonia 4 katika pH 8.2 nilikuwa na samaki anayekufa mbele ya macho yangu.

Na ile sponji? Lile tope la kahawia nililolisugua kwa bidii lilikuwa nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Klorini ya maji ya bomba na jua la mchana viliwaua. Siku tatu za samaki wawili wanaolishwa vizuri zilitosha. Sponji ya chujio inakamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi, na haianikwi. Ningekuwa nimelijua hilo Jumatano, Lulu angekuwepo.

Kabla ya seti hii nilikuwa na vile vijikaratasi vya kuchovya. Nilichovya kimoja Ijumaa jioni nilipoona Lulu amebana mapezi na anakaa pembeni. Kilionyesha pH, ugumu wa maji, nitrati, na nitriti kidogo. Nikaona si vibaya, nikaendelea na mshono wangu. Vijikaratasi vile, kama vilivyo vingi vinavyopima mambo mengi kwa mkupuo, havina kabisa kipimo cha amonia. Vilinyamaza kuhusu kile kitu kimoja kilichokuwa kinaua. Sivichukii, ni vyepesi na ni rahisi kuliko matone, na kwa tangi lililokomaa vinaweza kumfaa mtu. Lakini ukinunua, geuza boksi usome nyuma, na ukikosa neno amonia, rudisha.

Nilijua cha kufanya kwa sababu nilikuwa na namba. Bila namba ningemwagia dawa za kila aina kwa kubahatisha, kama wengi wanavyofanya, na dawa juu ya matamvua yaliyoungua humalizia kazi. Hesabu ya maji ni nyepesi: ukibadilisha nusu, 4 inakuwa 2, ukibadilisha nusu tena, 2 inakuwa 1. Nilitoa nusu ya tangi, nikarudisha maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, nimehakikisha kwa kipimajoto kwamba joto lake halipishani na la tangini. Kwanza niliyapima maji ya bomba yenyewe kwa mrija mwingine, nikapata amonia 0, ndipo nikayaamini. Pampu niliiwasha tena na kuinua mdomo wake uvuruge uso wa maji ili hewa iingie. Zafarani nilimweka kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, uso wake ukielekea mkondo, maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Usimvute samaki mbele na nyuma kama wanavyofanya baadhi ya watu. Maji hupita vizuri kwa njia moja tu.

Saa tatu asubuhi, pumzi 11. Saa saba mchana, baada ya kubadilisha mara ya pili, 26, na mapezi ya kifuani yameanza kupiga. Jioni nilipima, amonia 1. Usiku nilikaa naye mpaka saa tisa, nikishona mikono ya gauni la watu ili nisisinzie. Alfajiri alikuwa amesimama wima pembeni mwa kikapu, ameinama upande, lakini amesimama.

Mtoto alipiga simu Jumapili. Nikamwambia kuhusu Lulu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na Zafarani, Shangazi?" Nikamwambia, "Anaumwa, mwanangu, lakini anapumua, nimehesabu." Akaniuliza nimehesabu vipi, nikamweleza yote, mpaka jicho kuzunguka. Najua kwamba ningekuwa nimeliharakisha lile kaburi, ningemwambia kwa moyo mweupe kwamba wote wamekufa, na isingekuwa kweli.

Wiki ya pili ndipo seti ilipoonyesha uwezo wake zaidi. Amonia ilishuka, nikafikiri tumevuka. Lakini mrija wa nitriti, ambao ukiwa salama ni buluu nyepesi, ulikuwa zambarau: 2. Bakteria wa hatua ya kwanza walikuwa wamerudi kabla ya wale wa hatua ya pili. Nitriti huingia damuni na kuifanya ya kahawia, isibebe oksijeni sawasawa, na samaki huja juu kuhema hata maji yakiwa na hewa ya kutosha. Zafarani alikuwa ameanza hivyo asubuhi ile. Nilibadilisha maji na kutia chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza pembeni, kwa sababu kloridi ya chumvi hushindana na nitriti mlangoni pa matamvua. Samaki wa dhahabu huvumilia kiasi hicho. Si kila samaki huvumilia, wala mimea yote, kwa hiyo uliza kabla. Iliwachukua bakteria kama wiki tano kutulia, na nilipima kila siku, asubuhi na jioni, nikiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja wangu. Kurasa sita zina kiuno, nyonga, bega, kisha ghafla amonia 0.5, nitriti 1.

Sasa kasoro, maana zipo.

Kubwa kuliko zote ni rangi za chini kwenye kadi ya amonia. Tofauti ya 0 na 0.25 ni manjano na manjano yenye kivuli cha kijani, na hiyo ndiyo tofauti inayoulizwa kila siku. Mimi maisha yangu yote nimeoanisha uzi na kitambaa, na bado husita. Chini ya taa ya ndani rangi hupotoka na unaweza kujitia hofu bure, kwa hiyo peleka mrija dirishani, uegemeze kwenye kadi palipo peupe. Mwenye macho yasiyotofautisha rangi vizuri atahitaji mtu wa kumsomea. Mtengenezaji angeweza kuchapa kadi kubwa zaidi kwa sehemu hiyo ya chini na kupunguza nafasi ya namba za juu ambazo, ukizifikia, huhitaji tena kubishana na kivuli.

Ya pili ni kichupa cha pili cha nitrati. Dawa yake hutuama chini na kuganda. Ni lazima ukitikise kwa nguvu nusu dakika nzima kabla ya kudondosha, na mrija nao utikiswe dakika moja. Maelekezo yamelisema hilo kwa herufi ndogo katikati ya aya, mahali ambapo jicho linateleza. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa nasoma 5 na kufurahi. Nilipokitikisa inavyotakiwa nikapata 40, maji yale yale, siku ile ile. Nitrati haiui haraka kama wenzake wawili, ila 40 inaniambia nimechelewa kubadilisha maji. Onyo la namna hiyo lingechapwa kwenye kichupa chenyewe, kwa wino mwekundu.

Vifuniko vya mirija havishiki sawasawa, viwili kati ya vinne vinavuja ukitikisa, na dawa hizi si za kuchezea: nyingine zina asidi, nyingine zinachoma. Nanawa mikono kila mara na naweka boksi juu kabisa. Maji yaliyopimwa yanamwagwa, hayarudi tangini hata tone. Mirija ya kioo ni myembamba. Mmoja ulivunjika kwenye sinki, na nilichoshwa na kutafuta wa kuuziba pengo lake.

Tena, ukitumia ile dawa ya maji inayofunga amonia isiwe kali, seti bado itaionyesha yote kana kwamba hujafanya kitu. Hilo lilinitia kiwewe Jumapili ile mpaka nilipoelewa kwamba iliyofungwa nayo inahesabiwa.

Na kuna mambo ambayo seti haigusi kabisa. Jirani yangu alikuja na betta wake kwenye chupa ya jemu, anamlilia, akasema, "Dada, nimeambiwa wewe una dawa ya kupima." Yule samaki alikuwa chini, amejikunja, amepauka. Nilipima amonia 0, nitriti 0, pH 7.2. Kila mrija ulikuwa safi, na samaki yuko hali ile. Nikachovya kipimajoto cha tangi langu: nyuzi 17. Hita yake ilikuwa imekufa siku mbili nyuma naye hajui, na betta ni samaki wa maji ya nyuzi 25 na kuendelea. Tulimpasha polepole kwa kuiweka chupa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, tukiongeza kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Hakusogea mpaka mchana. Kisha akaja juu, akavuta hewa moja, akashuka. Jirani alinishika mkono kwa nguvu na hakusema neno. Kwa hiyo boksi hili lingekuwa na kipimajoto kidogo ndani yake ningelipa alama zote. Halina, na ni kitu cha kwanza cha kuchovya kabla ya tone lolote. Oksijeni nayo haipimwi, lakini ukiona samaki wote wamekuja juu wanahema alfajiri, wavurugie uso wa maji kwanza, upime baadaye.

Magonjwa yenyewe pia haiyataji. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi ni vijidudu, na mirija yote inaweza kuwa safi. Tumbo lililovimba na magamba yaliyosimama kama koni ya msonobari ni dalili ya viungo vya ndani kushindwa, na hapo nampigia daktari wa mifugo anayejua samaki. Yeye ndiye wa kusema pia kama wakati wa kumpumzisha umefika, maana hilo hufanywa kwa dawa ya kulaza, samaki aachwe humo muda mrefu hata baada ya matamvua kusimama, kwa kuwa moyo wake unaweza kuendelea kupiga. Lakini hata kwa magonjwa hayo mimi huanza na mirija. Maji yakiwa mabaya dawa haifanyi kazi, na maji yakiwa safi nina swali moja pungufu la kumuuliza daktari.

Vichupa vina tarehe ya kuisha, angalia kabla ya kulipa, kwa sababu dawa iliyochina hudanganya kwa sauti ile ile ya ukweli. Changu cha nitrati kimekwisha mwezi uliopita na nimenunua seti nyingine ya aina ile ile.

Mtoto amekuja likizo. Asubuhi yeye ndiye anayetikisa kichupa cha pili, nusu dakika kwa saa ya ukutani, na kubeba mrija mpaka dirishani. Leo mrija wa amonia ameusoma 0.25. Mimi nimeuona 0. Tumemwaga, tumesuuza, tumejaza upya, sasa tumebakiza dakika mbili.